Kioo cha laptopu kinachezacheza ukishusha mwanga? Pima kwanza kabla hujanunua kingine

Hii inatesa watu hasa umeme ukikatika, unashusha mwanga ili chaji ifike mbali, ukifika kwenye asilimia 30 hivi kioo kinaanza kupepesa, ukipandisha kinatulia kama hakijafanya kitu. Ukienda kwa fundi mwenye haraka zake jibu ni moja tu, kioo kimekufa, lete hela tuweke kingine. Inawezekana kweli kimekufa. Ila shida inayokuja kwenye mwanga mdogo tu mara nyingi ni setingi, au ndo tabia ya kioo chenyewe toka kiwandani, na hiyo ya pili unaweza ukalipa hela yako halafu ukawekewa kioo chenye tabia ileile.

Anza na mfuniko. Acha mwanga palepale panapoleta shida, shika mfuniko taratibu uupeleke nyuma na mbele. Kama kupepesa kunaongezeka au kunakata kadiri unavyousogeza, mchawi wako ni fleksi, ule waya mwembamba unaopita kwenye bawaba kwenda kwenye kioo. Kama hata ukiutikisa hakuna kinachobadilika, fleksi iweke pembeni kwanza.

Halafu ingia bayosi, ile menyu ya setingi za mashine inayofunguka kabla ya Windows. Zima, washa, bonyeza F10 kwa HP nyingi, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Humo Windows haijaamka na draiva zake (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kioo) hazijaamka, kwahiyo shusha mwanga kwa vitufe vya kibodi kama vinakubali uangalie. Kikipepesa na humo, achana na habari za draiva, nenda moja kwa moja sehemu ya kalamu hapo chini. Kikitulia una nafuu, ni programu, na haitakugharimu kitu zaidi ya muda na bando.

Sasa chomoa chaja na urudi Windows. Je kinacheza ukiwa kwenye betri tu? Basi hapo ni mambo ya kubana umeme. Mashine za Intel zina kitu kinaitwa Display Power Savings, kazi yake ni kuangalia picha iliyopo kwenye kioo, kikiona giza kinapunguza taa ya nyuma kimyakimya, ukifungua ukurasa mweupe kinapandisha tena, wewe unaona mwanga unaruka ruka. Kuna na Panel Self Refresh, hiyo picha ikitulia kioo kinajichora chenyewe ili chipu ya grafiki ipumzike, na dalili yake ni kwamba kioo kinashtuka pale unapogusa mausi baada ya kukaa kimya kidogo. Kwa mashine nyingi zote mbili utazikuta kwenye programu ya Intel Graphics Command Center, ingia System, kisha Power, kisha On Battery, zima moja, tumia kidogo, ndo uzime nyingine, ukizima zote kwa mpigo hutojua ipi ilikuwa inasumbua. Kwa AMD jina lake ni Vari-Bright, iko kwenye programu ya Radeon upande wa Display.

Windows 11 nayo ina yake. Settings, System, Display, bonyeza kale kamshale pembeni ya Brightness, utaona "Change brightness based on content", weka Off. Na kama kuna ile ya kubadilisha mwanga kufuata taa za chumbani, itoe tiki pia.

Kama shida ilianza baada ya apdeti, fungua Device Manager, Display adapters, bonyeza kulia jina la grafiki yako, Properties, Driver, bonyeza Roll Back Driver. Ikiwa imefifia haibonyezeki, shusha draiva ya modeli yako kwenye tovuti ya aliyeitengeneza laptopu, na uwe na bando la kutosha maana hizi ni mamia ya MB. Zile programu za "tutakuapdetia draiva zote bure" usiziguse kabisa, zinakuletea matangazo kuliko draiva.

Watu wa Linux kama Ubuntu na Mint, ile Panel Self Refresh mnaizima hivi: kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo mashine inapowaka, bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux uongeze i915.enable_psr=0 kisha Ctrl+X. Hiyo ni ya mara moja tu, ikikusaidia ndo uiandike kwenye /etc/default/grub na upige sudo update-grub. AMD jaribu amdgpu.dcdebugmask=0x10.

Haya, kalamu. Fungua ukurasa mweupe mtupu, zima taa za chumba, shusha mwanga wa kioo, chukua kalamu uipunge haraka kulia kushoto mbele ya kioo. Ukiona ukungu mmoja laini, sawa. Ukiona kalamu nyingi zimejipanga zimeachana kama vidole, basi taa ya nyuma inawaka na kuzima kwa kasi. Ndivyo vioo vingi vinavyopunguza mwanga, taa haififii, inakatwa katwa, pengine mara 200 kwa sekunde, na kadiri unavyoshusha ndo muda wa kuzimwa unavyorefuka. Kwenye asilimia 100 haikatwi, ndo maana kule juu kinatulia. Kamera ya simu kwenye modi ya Pro, kasi ya shata 1/1000 ya sekunde, itakuonyesha mistari myeusi. Wengine hawaoni kitu ila macho yanachoka na kichwa kinauma.

Hii huitoi kwa setingi za draiva, unaikwepa. Pandisha mwanga mpaka pale kinapotulia, halafu punguza kwa programu, f.lux inafanya kwa Alt na PageDown, Linux ya X11 unapiga xrandr --output eDP-1 --brightness 0.6 (eDP-1 ni jina la kioo, kwako linaweza kuwa tofauti). Betri itaisha mapema kidogo, huna namna. Wenye ASUS za OLED waangalie ndani ya MyASUS, kuna Flicker-Free Dimming.

Ikibaki fleksi, kuichomoa na kuirudisha vizuri wakati mwingine kunatosha, ila betri ikatwe kwanza, umeme wa taa ya kioo unapita humohumo na fundi akichomeka mashine ikiwa na moto anaweza akaunguza fyuzi kwenye bodi. Na kama kweli ni kioo, mwambie akiwashe mbele yako kwenye mwanga wa chini kabisa, piga kalamu yako, ndo utoe hela.