Kabla Dirisha la KUCCPS Halijafunguliwa: Ya Kuweka Tayari Mzazi wa Lamu

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatoka Januari, nyumba za Mkomani na Langoni huwa na furaha ya siku mbili tatu: simu kutoka Mombasa, haluwa, jirani kuja kutoa hongera. Kisha kimya. Wazazi wengi hukaa kungoja barua, kwa kuwa tulizoea enzi za JAB, bodi iliyogawa nafasi za vyuo vikuu, ambapo machaguo yalijazwa shuleni kabla ya mtihani na mwalimu ndiye aliyejua yote. Bodi hiyo haipo tena. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ilileta KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, mahali pake, na siku hizi mtoto huomba mwenyewe mtandaoni baada ya kujua alama zake, katika dirisha la wiki chache. Likifunguliwa na kufungwa huku baba yuko baharini na mama anadhani shule imeshapeleka majina, mtoto mwenye B yake hubaki nyumbani. Kwa hivyo kazi ya mzazi iko kabla: karatasi, pesa na mazungumzo. 

Anzia kwenye majina. Chukua cheti cha kuzaliwa, hati ya matokeo na kitambulisho kama kipo, viweke pamoja uvisome herufi kwa herufi. Kwetu jina moja lina sura nyingi: Mohamed, Mohammed na Muhammad, Swaleh na Saleh, Fatma na Fatuma, mmoja ameandikwa jina la babu pahala pa jina la baba, mwingine Sharifu ameingia kwenye karatasi moja na kuachwa kwenye nyingine. Shuleni hapana anayejali. Mfumo wa kompyuta hujali. Wakati mwepesi wa kurekebisha ni pale mtoto anaposajiliwa kwa mtihani, shule inapotoa orodha ya majina ihakikiwe. Tatizo ni kwamba orodha hiyo husainiwa na mtoto kwa haraka, na mzazi haioni. Iombe uione. Kama muda huo umepita, usingoje chuo kigundue. Muulize mkuu wa shule utaratibu wa KNEC, baraza la mitihani, wa kusahihisha, na umuone wakili kwa hati ya kiapo inayosema majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Na ikiwa shule imekalia cheti kwa sababu ya karo, jua kwamba kisheria cheti cha KNEC hakizuiliwi kwa deni. Deni ni deni, lizungumzwe na lilipwe, lakini cheti ni mali ya mtoto.

Kitambulisho ndicho kinachowakwamisha wengi wa kwetu kuliko watoto wa bara. Kwa miaka mingi familia za Lamu, Wabajuni hasa, zilikuwa zikipigwa msasa kabla ya kijana kuandikishwa, akiulizwa babu wa babu alizikwa wapi. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba msasa huo umeondolewa kwa kaunti za mpakani. Ni afueni, ila kadi yenyewe bado haiji siku ileile, na wa Kiwayu au Kizingitini ana nauli ya boti kabla hajaona dawati la afisa yeyote. Akitimiza miaka 18, wiki hiyohiyo apelekwe. Kitambulisho ndicho hufungua laini ya simu kwa jina lake, M-Pesa yake, akaunti ya benki yake, na mkopo wa chuo. Ambaye hajafika 18 hutegemea vya mzazi, basi hakikisha kitambulisho chako hakijapotea na laini yako haijafungwa.

Kuhusu saiba, yale maduka ya kompyuta na mtandao, nina neno. Wenye saiba ni watoto wetu na wanatusaidia, wala siwasemi vibaya. Lakini mtoto akienda peke yake, akaketi nyuma ya kijana wa saiba huku foleni inasukuma, mara nyingi kozi huchaguliwa na yule aliyeshika kipanya. Halafu neno la siri linaandikwa kwenye kitabu cha saiba, barua pepe imefunguliwa kwa simu ya saiba, na miezi mitatu baadaye hakuna anayeweza kuingia kurekebisha. Barua pepe ifunguliwe nyumbani mapema, kwa simu ya mtoto, na neno la siri liandikwe kwenye daftari linalokaa na vyeti. Machaguo yaende saibani yameshaandikwa kwenye karatasi, na majina ya kozi na vyuo kama yalivyo kwenye tovuti ya KUCCPS, pamoja na namba zake. Ada ya maombi hulipwa kwa simu, nayo iwe imo kwenye M-Pesa kabla ya kutoka nyumbani. Na akitokea mtu barazani akakwambia ana jamaa Nairobi wa kumuingizia mtoto udaktari kwa pesa kidogo, mnyweshe kahawa yake umuage. Nafasi hugawiwa kwa alama na idadi ya nafasi zilizopo. Haziuzwi.

Sasa hizo alama, ambazo wazazi wengi huzielewa nusu. C+ ndiyo kiwango cha chini cha kuomba shahada. Ila C+ au B ile ya jumla haimwambii mtu ataingia kozi gani. Kila kozi ina klasta yake ya masomo manne, na KUCCPS huchukua alama za masomo hayo manne, ikaziunganisha na jumla ya masomo saba, ikatoa pointi za klasta ambazo juu kabisa ni 48. Ndiyo maana watoto wawili wenye B sawasawa, waliokaa dawati moja, mmoja anaingia kozi na mwingine anaachwa: wa kwanza alipata alama zake kwenye hisabati na kemia, wa pili alizipata kwenye Kiswahili na dini. Huyu wa pili ana kozi zake nzuri pia, za ualimu, sheria au lugha, mradi asilazimishwe kuomba za mwenzake. Uhandisi hautazami hamu ya baba, unatazama fizikia. Tovuti humwonyesha kila mwombaji pointi zake kwa kila kozi, na pointi za mwisho zilizoingia mwaka uliopita. Kaeni nazo pamoja. Chaguo la kwanza liwe la matumaini kama pointi zinakaribia, lakini mengine yashuke hatua kwa hatua hadi pahala ambapo ana uhakika. Kujaza machaguo yote ya udaktari na ufamasia kwa mwenye pointi 33 ni kumnyima nafasi kwa mkono wako mwenyewe.

Hapa ndipo mazungumzo yanapohitajika, na yafanywe kabla ya dirisha, si usiku wa mwisho. Muulize anachotaka, kisha unyamaze. Kijana wa Lamu hasemi mbele ya baba na wajomba watatu. Atasema "vyovyote mutakavyoona", na hiyo si ruhusa, ni adabu. Mara nyingi shangazi au dada mkubwa ndiye anayejua ukweli. Mkisikia kozi msiyoijua, msiikatae kwa sababu hamuijui. Tangu gati la kwanza la bandari ya Kililana lianze kazi Mei 2021, watu hapa wanasikia kazi za ugavi, forodha na mitambo ambazo wazee wetu hawakuwa nazo majina, na utalii, uvuvi na hifadhi ya majumba ya kale pia vina kozi zake.

Kwa watoto wa kike, swali linalosemwa kwa sauti ni umbali, na lisilosemwa ni ndoa. Lisemeni. Kama kweli familia haitakubali aende Eldoret, ni heri ijulikane Februari, achague Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi au Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kuliko apangiwe Moi kisha akatazwe kwenda Agosti. Baada ya kupangiwa upo muda wa kuomba uhamisho, ila hutegemea pointi na nafasi ya chuo anakotaka. Na ikiwa sababu ya hofu ni pa kulala, ulizieni mabweni na ndugu walioko huko kabla ya kusema hapana.

Ambaye hakufika C+ asifichwe. KUCCPS hupokea pia maombi ya diploma na cheti, na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ina kampasi Lamu hapahapa. Mtoto wa D+ anayeanza fundi umeme mwezi wa tisa amewahi kuliko anayekaa ukutani akingoja bahati.

Pesa. Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, familia hupimwa hali yake na kuwekwa katika mojawapo ya makundi matano: kundi la kwanza familia hulipa asilimia 5 ya ada ya kozi, la tano asilimia 40, na zinazobaki ni ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Mfumo huo umepelekwa mahakamani na kubishaniwa, kwa hivyo soma masharti ya mwaka wa mwanao, usitegemee ya jirani wa mwaka juzi. Lisilobadilika ni hili: maombi ya fedha ni tofauti na maombi ya kozi. Kupangiwa chuo hakukupi shilingi. Fomu huuliza mapato ya wazazi, watoto wangapi wanasoma, nani ni yatima, na karo ya sekondari ilikuwa ngapi. Mvuvi hana hati ya mshahara. Andika kipato cha kweli, cha msimu mzuri na cha kusi pamoja, na uweke pamoja vyeti vya vifo, risiti za shule na barua ya chifu kama inahitajika. Aibu ya kuonekana maskini imewaweka watu kwenye kundi wasiloliweza.

Na riba. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na zipo nyumba hapa ambazo hilo peke yake linafunga mjadala. Sina fatwa ya kutoa. Ninachosema ni kwamba muulizeni sheikh wenu mnayemwamini mapema, mtoto akiwepo, ili mkiamua kuuacha mkopo mjue pengo ni la shilingi ngapi na litazibwa na nani: basari ya kaunti, ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge), ndugu walioko Mombasa au Ughaibuni. Basari nazo zina tarehe zake na hutaka barua ya kupangiwa chuo, tena pesa zake hutoka kwa awamu, pengine muhula ukiwa umeshaanza. Zisihesabiwe kuwa nauli.

Wanaofikiria Misri au Saudia, ulizieni kwanza kama shahada hiyo hutambuliwa Kenya kwa kazi anayoitaka. Wapo waliokuwa wakisoma Khartoum, Sudan, vita vilipolipuka Aprili 2023, wakarudi bila vyeti vyao.

Barua ya chuo ikija ipakueni yote, kurasa zote. Ndani mna tarehe ya kuripoti, akaunti ya kulipia, vitu vya kubeba na fomu ya afya. Fomu hiyo ijazwe hapa, hospitali ya King Fahd, wala isingoje foleni ya wiki ya kwanza chuoni. Safari ya boti hadi Mokowe, basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, kisha gari jingine la kwenda bara, ni siku mbili kwa anayekwenda Maseno, basi aondoke na siku ya akiba. Anayekwenda Njoro, kwenye baridi, anunuliwe sweta mbili. Vyeti vya asili visipande kwenye buti la basi na mizigo; akae navyo mapajani, na nakala zake zibaki kwa bibi pamoja na lile daftari la maneno ya siri.