Kabla ya Kutegemea Uwatu na Habasoda kwa Macho ya Mwenye Kisukari

Katika nyumba nyingi za Lamu, mzee akigunduliwa kuwa na kisukari, jamaa humroweshea uwatu, humtwangia habasoda au humchemshia majani ya mwarobaini, wakitumaini kwamba dawa hizo zitamkinga na upofu pia. Baadhi ya mimea hiyo hushusha sukari kwa kiasi fulani, lakini hakuna hata mmoja uliothibitishwa kuzuia madhara ya kisukari machoni.

Jambo la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni kupimwa macho kabla ya kuanza chochote. Sukari inapozidi kwa miaka, mishipa midogo ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hudhoofika na kuvuja, wala mgonjwa hasikii maumivu. Aweza kuendelea kudarizi kofia zake vizuri huku madhara yakisonga mbele. Kwa hiyo mwenye kisukari cha aina ya pili hupimwa mara tu anapogunduliwa, kisha kwa kawaida kila mwaka. Matone ya kupanua mboni humwachia ukungu kwa saa kadhaa, hivyo anayerudi Matondoni au Mokowe asipande mashua bila mtu wa kumshika mkono.

Pili, daktari aambiwe kila kinachonywewa, na kwa kipimo gani. Uwatu ukichanganyika na insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi waweza kuishusha sukari kupita kiasi, mgonjwa akatetemeka, akatoka jasho jembamba na kuchanganyikiwa. Hatari hiyo huzidi Ramadhani, hasa kwa aliyeunywa wakati wa daku. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye ajihadhari, kwani uwatu huweza kuongeza uwezekano wa kutokwa damu.

Kinachokinga macho kwa hakika ni kudhibiti sukari na presha. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba, kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, udhibiti makini wa sukari ulipunguza hatari ya ugonjwa huu wa retina kuanza kwa asilimia 76.

Asali, shubiri au maji ya majani yasitiwe jichoni kamwe, maana hayafiki kwenye retina na huweza kuleta maambukizi. Na mgonjwa akiona ghafla vitone vyeusi vinavyoelea, au kama pazia limeshuka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu leza na sindano za jicho hufaa zaidi zikiwahiwa.