Boti ya mtumba ya kuishi ndani: anzia chini, chumba cha injini

Nimeandika haya baada ya kumsaidia jamaa yangu na mkewe kutafuta boti ya kuishi ndani, watie nanga hori la Mtwapa na mara moja moja washuke Wasini au wapande Lamu. Hawakutaka boti ya kukimbia. Walitaka pa kulala, kupika na kuoga bila kugombana. Huku kwetu boti za namna hiyo ni chache, kwa hiyo tulianza na picha za boti zinazouzwa Ghuba na Ulaya, na picha ndizo zinazopotosha. Muuzaji anapiga sebule, hapigi chini ya sakafu. Mimi kazi yangu ni injini, na kipimo changu ni kimoja: kila kitakachoharibika kifikike kwa mkono, maana utakitengeneza huku unaishi humo.

Hatua ya 1: Mwendo kwanza, urefu baadaye

Zipo boti zinazokata maji, na zipo zinazopanda juu ya maji zikipewa moto. Ya kukata maji ina kikomo chake. Chukua urefu wa sehemu inayokaa majini kwa futi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.34. Futi 36 zinakupa 6, na hiyo mara 1.34 ni kama maili 8 za baharini kwa saa. Ukilazimisha zaidi ya hapo unachoma mafuta bure. Ya kupanda itafika maili 20, lakini lita moja ya dizeli kwa saa inatoa kama nguvu za farasi 5 tu. Injini mbili zikitoa farasi 300 kila moja zitakunywa lita 120 kwa saa. Piga hesabu kwa bei ya pampu ya kwenu.

Kwa kuishi ndani sibembelezi mtu: chukua ya kukata maji, yenye umbo la boti ya uvuvi. Injini moja ya dizeli inatosha, mradi mkuku uwe mrefu na uilinde propela. Injini mbili zinakula nafasi ambayo mwili wako utahitaji kupita.

Hatua ya 2: Faiba au chuma

Mbao hapana, si kwenye maji yetu ya joto. Boti za Grand Banks, kwa mfano, zilikuwa za mbao hadi 1973 ndipo zikahamia faiba, basi uliza mwaka. Mafundi wa jahazi wanajua kuunguza chombo kwa chini na kukipaka deheni (mafuta ya kuzuia maji), lakini boti ya anasa haitavumilia matunzo hayo, na wewe hutavumilia gharama ya mengine.

Hatua ya 3: Matangi ya dizeli

Hapa ndipo siku zinapopotea, soma polepole.

Boti nyingi zilizojengwa Taiwan miaka ya 1970 na 1980, kama Marine Trader na CHB, zilifungwa matangi ya chuma cha kawaida, moja kila ubavu wa chumba cha injini. Yaliingizwa kabla sitaha haijafunikwa. Maana yake tangi ni kubwa kuliko mlango wowote uliomo botini.

Watu hudhani tangi linaoza kwa ndani, kwa maji yaliyomo kwenye mafuta. Linaweza. Lakini mengi niliyoyaona yameanzia juu, tena kwa nje. Mdomo wa kujazia mafuta umepigiliwa skrubu kwenye sitaha. Kizibio cha ukingoni kikikauka, maji ya mvua na ya kuoshea yanapenya, yanatuama juu ya bati la tangi lisilo na mteremko, na kutu inakula mahali pasipofika jicho. Ndiyo maana siipendi sitaha ya mbao za mtiki zilizofungwa kwa skrubu, hata ikipendeza vipi. Kila skrubu ni tundu, na chini yake kuna balsa (mbao nyepesi) au plaiwudi inayonyonya maji. Gonga kuzunguka mdomo wa mafuta kwa mpini wa bisibisi. Sauti kavu ni nzuri, ikitoka nzito iliyofumbana, maji yameshaingia.

Kisha shuka chini. Beba tochi, kioo kidogo na simu. Ingiza simu kati ya tangi na ubavu wa boti, piga video, itazame ukiwa juu kwenye mwanga. Pitisha karatasi nyeupe chini ya kona za chini za tangi, halafu inuse. Ukikuta rangi mpya kwenye tangi kuukuu, simama hapo hapo. Kwenye boti moja tuliyoikagua, yenye sebule nzuri kuliko zote, shemeji ndiye aliyeuliza, "Kila kitu humu kina vumbi, mbona hili tangi linang'aa?" Tukakwaruza kwa ukucha. Rangi ilitoka na ganda la kutu nyuma yake.

Angalizo la kwanza: omba tangi lijazwe. Likiwa nusu, tundu lililo juu ya usawa wa mafuta halivuji na hutaliona. Muuzaji akikataa, jaza kwa pesa yako. Ni nafuu kuliko kitakachofuata.

La pili: boti iliyokaa majini pa utulivu muda mrefu ina tope sakafuni mwa tangi. Vijidudu huishi pale maji yanapokutana na dizeli, vikaacha utando mweusi. Injini itanguruma vizuri tu ukiwa umefunga gati. Ukitoka mlango wa bahari mawimbi yanakoroga tope, filta inaziba, injini inazima mbele ya mwamba. Kwa hiyo jaribio la baharini lifanyike kwenye mawimbi, na mtu mmoja akae chini akitazama kikombe cha kioo cha filta.

La tatu: kusafisha tangi kunahitaji mlango wa ukaguzi kwa kila chumba, kwani ndani kuna kuta za kuzuia mafuta yasiyumbe. Mlango mmoja juu ya chumba cha kwanza hausaidii vya nyuma.

La nne: chuma kisichoshika kutu si dawa. Kikikaa kwenye unyevu wa chumvi usiopata hewa kinatoboka vitundu vidogo karibu na maungio. Aluminiamu ni nzuri ikiwa hewa inapita pande zote. Plastiki sina ugomvi nayo.

Tangi likishaoza, ama injini inatolewa au tangi linakatwa vipande humo humo na mahali pake panaingia matangi madogo mawili matatu. Tangi lenyewe si ghali, ghali ni kazi. Mwenye boti akikuambia "hilo jambo dogo", muulize tangi litatokea wapi.

Jamaa yangu alichukua boti nyingine, yenye sebule ya kahawia iliyochakaa na matangi unayoweza kuyazunguka kwa magoti.

Hatua ya 4: Injini

Fika mapema uikute baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika anaficha kitu. Moshi mweusi ni mzigo au uhaba wa hewa, wa buluu ni oili, mweupe usiokoma ni dizeli isiyoungua au maji. Saa 3,000 kwa dizeli ya taratibu iliyotunzwa hazinitishi. Zinanitisha saa 300 kwa miaka 20. Ukikuta Ford Lehman ya farasi 120, uliza oili ya pampu ya dizeli ilibadilishwa lini. Pampu hiyo ina oili yake yenyewe, inayotakiwa kubadilishwa kila saa 50. Mtu asiyejua swali hilo hakuitunza.

Hatua ya 5: Umeme

Boti ya Marekani ina volti 120 na Hz 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Sisi tuna 240 na 50. Transfoma itarekebisha volti, Hz haigusi. Hita haijali, chaja nyingi pia, lakini kompresa ya kiyoyozi itazunguka polepole kwa sudusi moja na kuchemka. Ukiishi kwenye nanga usitegemee jenereta. Friji ya volti 12 kwenye joto letu hula kama ampea-saa 70 kwa siku, na paneli ya wati 300 inailisha na kubakiza kidogo. Angalia kama paa lina nafasi ya paneli tatu.

Hatua ya 6: Lala humo

Usiku mmoja kabla ya kulipa. Utasikia maji yakipiga kona za chini za boti karibu na kichwa chako, utajua kama kidirisha cha omoni kinavuta upepo, na kama mtu mrefu ananyoosha miguu. Asubuhi chovya kitambaa kwenye maji moto, kizungushie mpira wa choo, kisha kinuse. Kikinuka, harufu imeshapenya mpira wenyewe, na sabuni haitaitoa.

Hatua ya 7: Nchi kavu na baharini

Ipandishwe, igongwe, ipimwe unyevu na mkaguzi unayemlipa wewe, asiye rafiki wa dalali. Malengelenge machache kwenye faiba ni ya kupunguza bei, si ya kukimbia. Baharini, injini ikishapata joto, ipe moto wote kwa dakika chache. Lehman hiyo inatakiwa kufika mizunguko 2,500. Isipofika, ama propela ni kubwa mno, ama chini kuna uchafu, ama injini imechoka. Joto likipanda bila kutulia, punguza na urudi.

Hatua ya 8: Karatasi

Hati ya mauziano, cheti cha kufutwa kwenye rejesta ya bendera ya zamani, risiti za ushuru. Usajili Kenya ni Kenya Maritime Authority, Tanzania Bara ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), Zanzibar wana mamlaka yao. Linganisha namba iliyochongwa nyuma ya boti na ile ya kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu. Arubuni iandikwe kwamba inarudi ukaguzi au jaribio likishindwa. Dalali akisema kuna mteja mwingine anakuja kesho, mwache aje.