Kutafuta ukoo Uskoti: kanisani nenda mwisho

Safari ya kwanza nilimpeleka mama mkwe kwenye kanisa la kijiji cha wazee wake, Aberdeenshire, nikidhani mchungaji atafungua kabati atutolee daftari la ubatizo. Tukakuta kufuli mlangoni na mvua juu. Na hata angekuwepo mtu wa kufungua, daftari lisingekuwamo.

Madaftari ya zamani ya parokia yamehifadhiwa Edinburgh, na picha zake ziko kwenye tovuti ya ScotlandsPeople. La zamani kuliko yote, la parokia ya Errol, linaanza 1553, ila parokia nyingi zimeanza baadaye sana. Basi anzia nyumbani, urudi nyuma. Serikali ilianza kusajili watu 1 Januari 1855, na cheti cha kifo cha tangu hapo hutaja wazazi wa marehemu, pamoja na jina la ukoo wa mama. Hicho ndicho kitakuonyesha uende parokia gani.

Ukimkosa mtu kwenye ubatizo, usikate tamaa. Mwaka 1843 Kanisa la Uskoti lilipasuka, na waliohamia Kanisa Huru walibatiza watoto wao huko. Tafuta pia kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa. Wazee wale walikuwa hawana haya: binti akizaa nje ya ndoa, aliitwa, akahojiwa, na jina la baba likaandikwa. Mama mkwe alisoma moja akacheka mpaka akavua miwani. Kwenye madaftari ya parokia, vifo ndivyo vilivyoandikwa ovyo. Mara nyingine utakachopata ni ada tu ya kukodi kitambaa cha kanisa cha kufunika jeneza.

Sasa nenda kanisani. Kabla ya kufunga safari piga simu, maana mchungaji mmoja siku hizi huhudumia makanisa kadhaa, na mengine yameshauzwa. Makaburini kwa kawaida hapafungwi, na hapo ndipo penye faida.

Jambo zuri la Waskoti ni kwamba mke mara nyingi huandikwa kwa jina la kwao, hata akiwa amelala kando ya mumewe. Jiwe moja, koo mbili. Ukiona fuvu na saa ya mchanga usishtuke, ni mapambo ya karne ya 17 na 18.

Maandishi yakiwa yamefifia, beba tochi au kioo, umulike kwa ubavu, karibu kabisa na uso wa jiwe. Kivuli kitajaa kwenye herufi na mwaka utasomeka. Chaki, povu la kunyolea na brashi ya waya acha nyumbani, zinaharibu jiwe. Usiliegemee pia, mengine yanasimama kwa mazoea tu.

Halafu zunguka nyuma. Sisi jiwe letu tulilipita mara mbili. Majina ya watoto watatu yalikuwa upande wa ukutani, nusu yake kwenye nyasi, na ilibidi mama mkwe apige magoti kwenye tope ayasome.