Sufuria ya kupikia bia: ukubwa wake upimwe kwa mchemko

Anayepika bia nyumbani kwa kipimo cha lita 19 achague sufuria ya lita 38, kwa sababu maji ya kimea huanza kuchemka yakiwa takriban lita 25, lita 3 au 4 hupotea kwa mvuke ndani ya saa moja, na povu la mwanzo, lile zito la rangi ya chai ya maziwa, hupanda ghafla hadi ukingoni, hasa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) zinapotiwa. Katika sufuria ya lita 28 nililazimika kusimama na mwiko mkononi bila kuondoka. Ushauri huu haufai kwa jiko dogo la ndani, lisiloweza kuchemsha lita 25 kwa nguvu. Hapo ni heri kupika nusu ya kipimo katika sufuria ya lita 20.