Jinsi ya kuwaeleza vijana wa Lamu habari za Nathan S. Joseph

Ukitaka kuwaeleza vijana wa Lamu habari za Nathan Solomon Joseph (1834–1909), msanifu majengo Myahudi wa London aliyeshughulikia pia makazi ya maskini, usianze na masinagogi aliyoyachora, ijapokuwa ndiyo yaliyompa jina. Anza na hesabu. Waketishe barazani, uwaulize mwenye nyumba ya kupangisha hutaka faida kiasi gani, kisha ueleze kwamba mwaka 1885 iliundwa kampuni, tajiri wa benki Nathan Rothschild akiwa mbele, iliyojiwekea kikomo cha asilimia 4 kwa wenye hisa ili kodi iwe nafuu kwa wahamiaji Wayahudi waliosongamana mashariki ya London. Joseph ndiye aliyeichorea majengo ya Flower and Dean Street, mtaa wa huko huko mashariki ya London, yaliyokamilika mwaka 1887.

Baada ya hapo wapitishe vichochoroni, wapime kwa hatua upana wa njia na ukubwa wa ua wa ndani, maana yeye naye alihangaika na hayo hayo: hewa, mwanga na usafi wa vyoo mahali finyu. Usimpambe kupita kiasi. Majengo yale yalikuwa makavu kama kambi ya askari, nayo yalibomolewa katika miaka ya 1970, likabaki tao la lango.