Kabla ya kupima tufe kwenye CMM

Anza na mchoro. Tufe la vali lililoruhusiwa kupotoka umbo kwa mikroni 15 ni kazi ya kawaida kwa mashine ya koordineti (CMM), inayopima kwa kugusa pointi moja moja kwa ncha. Gololi ya beringi ya daraja la G10 si kazi yake: hiyo hairuhusiwi kupita mikroni 0.25, na CMM nyingi za karakana hukosea zaidi ya hapo zenyewe. Fungua cheti cha kalibresheni uone kosa la umbo lililopatikana kwa kugusa pointi 25 za tufe la rejea, yaani tufe sahihi la kukagulia mashine. Likizidi moja ya tano ya unachoruhusiwa, tafuta mashine ya kupimia uduara.

Joto la rejea ni nyuzi 20 za Selsiasi. Julai, karakana ya Industrial Area, Nairobi, hupambazukiwa na baridi, kisha mchana mabati yakawaka jua. Chuma cha milimita 50 hutanuka takriban mikroni 0.6 kwa kila nyuzi moja. Tufe likipata joto sawasawa, kinachobadilika ni kipenyo tu. Umbo huharibika upande mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine, mathalani kazi (kipande cha kupimwa) ikitoka kwenye lethi moja kwa moja au ikishikwa kwa kiganja. Ilaze chumba cha kupimia usiku kucha, uishike kwa glavu. Stima ikipotea na AC ikazimika, subiri joto litulie, kisha kalibreti ncha upya. Kompresa nayo itolewe maji, maana mashine huelea juu ya hewa yake.

Ncha ya rubi ipanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye alkoholi ya isopropili, pamoja na tufe la rejea. Kaza skrubu, shina linaloshika ncha liwe fupi na nene kadiri kazi inavyoruhusu. Ukiskani alumini, yaani ukiburuta ncha juu yake, rubi huokota chembe za alumini zikaganda nchani, na ncha yenyewe ikawa si duara tena. Hapo tumia ncha ya silikoni nitridi.

Usibane tufe kwa jiriwa, litabonyea. Likalishe kwenye vituo vitatu vilivyoachana digrii 120 na ulishike kwa tone la gundi ya moto. Usitumie sumaku, hukusanya vumbi la chuma. Chini ya ikweta ya tufe, angalia shina lisiguse kabla ya ncha, kwa sababu mashine haijui tofauti.

Pointi nne hutoa tufe kamili lenye kosa sifuri, jibu tamu lisilo na maana. Chukua 25 au zaidi, kuanzia kilele hadi ikweta. Moja ikichomoza peke yake usiifute. Pangusa, upime tena.

Mwisho, zungusha tufe digrii 90 urudie. Kinundu kwenye matokeo kikihama nalo, ni chake. Kikibaki palepale, ni cha mashine au ncha, hasa ukiona vinundu vitatu vilivyopangana kama mafiga: ndiyo alama ya kipimio cha kugusa chenye vishikio vitatu.